Mama Mkwe wa Jikoni

Mume wangu Desderius hajawahi kusema uongo, na kwa sababu hiyo nyumba yetu haikuwa na rafiki hata mmoja wa karibu. Watu walimheshimu. Wakimwona njiani walimsalimu kwa adabu, kisha wakaharakisha wasije wakaulizwa jambo.

Asiyewahi kuishi na mkweli anadhani ni raha. Siku tuliyomzika jirani yetu mmoja, katekista aliomba mtu aseme machache juu ya marehemu. Desderius akasimama, akasema marehemu alikuwa mlevi, alimpiga mkewe kila Krismasi, na jembe letu aliloazima mwaka juzi bado liko kwake nyuma ya mlango. Akaketi. Mjane akainuka na kulileta lile jembe hapo hapo, huku analia. Mwaka mwingine mwizi aliingia shambani kwetu kukata ndizi, akashtushwa, akakimbia akaacha panga lake. Lilikuwa panga zuri, jipya. Desderius aliulizia kijiji kizima mpaka akampata mwenye panga, akamkabidhi kwa mikono miwili, kwa kuwa mali ya mtu ni mali ya mtu. Wiki iliyofuata ndizi zetu zilikatwa tena, na safari hii zilikatwa vizuri sana.

"Haki ni mambo mawili tu, Mama Priscila," alizoea kuniambia. "Sema kweli, na rudisha cha watu. Hayo mengine ni maneno ya wavivu."

Nilikuwa namwitikia. Nilikuwa na kuni za kukata.

Kisha wakaja wakimbizi. Walitangulia Warundi, mwishoni mwa mwaka tisini na tatu, na mwaka uliofuata Wanyarwanda wakamiminika pale Rusumo siku kwa siku, mpaka Benaco, mahali tulipozoea kuona nyasi na mawe ya wajenzi wa barabara, pakawa mji mkubwa kuliko mji wowote tuliowahi kuuona. Mashirika yakaleta mahindi, maharage na mafuta ya kupikia. Wenye akili kijijini kwetu hawakuchelewa kuelewa. Nusu ya kijiji walikuwa Watanzania kuanzia Jumatano hadi Jumatatu, na Jumanne, siku ya mgao, walikuwa wakimbizi. Mwenyekiti wetu, Juvenali, alikuwa na kadi ya chakula ya watu saba. Watoto watano katika hao aliwaazima.

Siku ya kuhakiki kadi, Desderius alikuwa Benaco kuuza ndizi. Karani wa shirika akamwuliza kama anamfahamu yule bwana aliyesimama kwenye foleni na blanketi mabegani. "Namfahamu sana," Desderius akajibu. "Ni mwenyekiti wetu wa kijiji. Amezaliwa hapa, baba yake alizaliwa hapa, na hao watoto watatu ni wa dada yangu." Juvenali alinyang'anywa kadi mbele ya watu elfu na zaidi. Blanketi nalo likachukuliwa. Tangu siku hiyo hakumsema Desderius vibaya hata mara moja, na mimi hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Lakini ninayetaka kusimulia habari zake ni Niyonkuru. Huyu alikuja kabla ya Benaco. Aliletwa Novemba ile ya tisini na tatu na shemeji yake, Nyandwi, mdogo wa mume wake aliyekuwa ameuawa siku chache kabla. Njia zilikuwa zimejaa watu. Mwanamke alikuwa hana viatu, hana mzigo, hana hata machozi. Nyandwi alivua kofia, akazungumza na mume wangu kwa upole, akasema anarudi ng'ambo kutafuta ndugu wengine. "Ninakuachia huyu. Mtunze. Nitakuja kumchukua."

"Nitakurudishia kama nilivyompokea," Desderius akamjibu. Mimi nilikuwepo, nilisikia. Alikubaliana naye kama watu wanavyowekeana baiskeli.

Niyonkuru akakaa nasi mwaka na nusu. Alilima nami, akapalilia nami, akanifundisha kupika maharage kwa namna yao, na mimi niliyezaliwa peke yangu kati ya wanaume nikapata mdogo wangu wa kike. Mwezi wa nne wa kukaa kwake ndipo aliponiambia. Wale watu waliomuua mume wake hawakuijua nyumba. Aliyewaonyesha mlango ni Nyandwi. Alilitaka shamba la kahawa la kaka yake. Niyonkuru alikuwa amejificha kwenye mihogo, akamwona ananyoosha mkono. Nyandwi hakuwa na hakika kama ameonekana, na njiani palikuwa na macho mengi mno, ndiyo maana alimvusha salama akamwacha kwetu.

Nilimweleza Desderius. Alilia, nisimsingizie. Alikaa kwenye kigoda chake akalia mpaka kola ya shati ikalowa. Kisha akafuta uso na kusema, "Hilo ni la kwao, na Mungu atalihukumu. Mimi nilipewa mtu, nikaahidi kumrudisha. Mtu akiwa mbaya, deni halifutiki."

Nilikasirika mpaka nikaunguza chakula. Sikuongea naye siku mbili, naye hakujua kwa nini, maana alipouliza kama nimekasirika nilisema hapana, na yeye huamini anachoambiwa.

Mwezi wa sita mwaka tisini na tano ujumbe ukafika. Nyandwi yuko Benaco. Jumapili atakuja kumchukua mtu wake. Ujumbe uliongeza kwamba amesikia shemeji yake siku hizi ana maneno mengi.

Ningempeleka wapi? Kambini angepatikana. Kwa majirani, Desderius angeuliza, na hakuna jirani aliyeweza kumdanganya akimtazama machoni. Kila kona niliyoifikiria ilikuwa na macho ya mume wangu. Ndipo nikakumbuka kwamba pako mahali pamoja ambapo macho yake hayafiki kamwe.

Huku kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe. Haingii alimo, hali naye, hamtaji jina, na wakikutana njiani mmoja anaingia porini. Akimwona uso hata kwa bahati mbaya, anatoa mbuzi na mtungi wa pombe ya ndizi, wazee wamsafishe macho. Wanaume wengine siku hizi wanalegeza. Desderius hakuwa mtu wa kulegeza. Miaka kumi na tisa ya ndoa yetu hakuwa amemwona mama yangu hata kisigino.

Basi Jumamosi nilimwambia mume wangu kwamba Niyonkuru ametoroka. Jumapili alfajiri nikamwambia mama amefika kutoka Runazi, anaumwa mguu, nimemweka katika nyumba ya jikoni, kule nyuma kwenye migomba. Mtoto wetu, Priscila, alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo hapakuwa na wa kukimbilia kumwona bibi.

Desderius alivaa koti. Akaenda akasimama hatua kumi kutoka jikoni, mgongo akiuelekeza mlangoni.

"Mwambie mama shikamoo."

Nikaingiza kichwa ndani. Niyonkuru alikuwa amejiziba mdomo kwa kanga, anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Anasema marahaba," nikajibu.

"Muulize mguu."

"Anasema usiku umemsumbua, sasa ni afadhali."

"Mwambie nyumba ni yake."

Sikuwa hodari wa uongo. Niliujifunza wiki ile kama mtu anavyojifunza baiskeli, kwa kuanguka kwanza. Siku ya pili nilisema mguu ni wa kulia, siku ya tatu nikasema wa kushoto, na Desderius akasikitika sana kwamba sasa ni yote miwili.

Kilichonishinda ni zawadi. Kila alipotoka sokoni alileta kitu cha mama mkwe: samaki wakavu, sukari, siku moja paja la mbuzi ambalo sisi wenyewe tulikuwa hatujalila tangu Pasaka. "Yule ndiye aliyenipa wewe," aliniambia akinikabidhi. "Nitamlipa nini mimi?" Niyonkuru akaacha kucheka. Siku moja alisukuma sahani, akasema, "Dada, huyu mzee ni mtu mwema. Tunafanya dhambi."

"Dhambi ni yangu," nikamwambia. "Wewe kula samaki."

Na huku mguu wa mkwe ukiuguzwa, Desderius alimtafuta Niyonkuru kwa nguvu zake zote. Baada ya misa alisimama mbele ya waumini, akatangaza kwamba amepoteza amana ya mtu, mwenye habari amsaidie. Alitembea hadi Rusumo akauliza madereva wa malori. Alipita Benaco mstari kwa mstari, hema kwa hema. Alirudi na miguu imevimba. Nilimchemshia maji ya kuikanda, kwenye moto uliopulizwa na Niyonkuru.

Nyandwi alikuja Jumapili ile, na akaendelea kuja. Alikuwa mtu wa adabu sana. Alivua kofia kabla ya kufika uani, alisali kabla ya kula. Siku moja alitafuna kidogo akasimama. "Maharage haya yamepikwa kama kwetu."

"Nilifundishwa na shemeji yako," nikasema, "kabla hajatoroka."

Desderius alimletea ng'ombe wetu. Tulikuwa naye mmoja tu, na alikuwa na mimba. "Mimi ndiye niliyepoteza," akasema. "Mchukue huyu, tumalizane." Nilisimama mlangoni nikiomba kimoyomoyo amchukue. Nyandwi alimzunguka yule ng'ombe, akampapasa tumbo, kisha akatikisa kichwa. "Ng'ombe wa nini? Nataka mtu wangu."

Hata mtoto angeelewa hapo. Mtu anamkataa ng'ombe mwenye mimba kwa ajili ya mjane aliyekonda, asiye na shamba wala mtoto! Anamtaka wa nini, kama si kumnyamazisha? Mume wangu alielewa jambo moja tu, kwamba deni bado liko palepale.

Nyandwi akapeleka shauri kwa mwenyekiti. Juvenali akapanga kikao Jumamosi, uani kwetu, kwa kuwa amana ilipotelea kwetu. Ilikuwa sasa wiki ya tatu ya mama mkwe jikoni. Ijumaa Desderius alikwenda Benaco na ndizi, akarudi mikono mitupu. Hakumsalimu mama. Hakula. Nikadhani anamfikiria ng'ombe.

Jumamosi saa nne ua ulijaa. Juvenali alikuwa ameazima meza ya shule, akaketi nyuma yake kama hakimu wa wilaya. Nyandwi akaeleza, kwa upole, jinsi alivyomwacha ndugu yake kwa mtu anayesifiwa kwa uaminifu. Nikaitwa mimi, nikasema alitoroka, sijui alikoelekea. Watu walinitazama kwa huruma, maana kila mtu alijua nauguza mama.

"Desderius," Juvenali akasema, "wewe ndiye wa mwisho. Yuko wapi huyu mwanamke?"

Neno la Desderius lilikuwa kama muhuri; likishapigwa, watu huenda nyumbani. Akasimama, akavua kofia. Kabla hajasema, alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayetaka kukutoa mwiba, anayejua utaumia.

"Jana sokoni Benaco," akasema, "nimekutana na shemeji yangu Gervasi, kaka yake huyu mke wangu. Alileta maharage kwa lori kutoka Runazi. Nikamwambia mama anaendelea vizuri. Akaniuliza, mama yupi? Mama nimemwacha nyumbani anavuna, mzima kabisa, miguu yote miwili. Kwa hiyo aliyemo jikoni kwangu si mama mkwe wangu. Naamini ni Niyonkuru. Niliahidi kumrudisha, na ninamrudisha."

Sikumbuki kama nilipiga kelele. Nakumbuka nilishika nguzo ya kibaraza, na kwamba Nyandwi alisimama taratibu, akavaa kofia.

"Kaa chini, mgeni," Juvenali akasema. "Sijamaliza na shahidi."

Nilimtazama usoni nikaona furaha. Haikuwa furaha ya mtu anayetaka kumwokoa mjane. Huyo Niyonkuru hata jina lake alikuwa analikosea. Ilikuwa furaha ya mtu aliyengoja mwaka mzima.

"Desderius. Mtu mkweli hushuhudia alichokiona, au alichosimuliwa sokoni?"

"Alichokiona, Mwenyekiti."

"Vizuri. Aliyemo jikoni umemwona kwa macho yako?"

"Sijamwona. Ningemwonaje, na yeye ni mama m..."

"Malizia. Ni mama nani?"

Watu wakaanza kucheka chini chini. Desderius alikuwa anakunja kofia mkononi.

"Tusaidie basi," Juvenali akaendelea, sauti imelainika kama mafuta ya mgao. "Wiki tatu nzima unamsalimu huyo mtu. Unampelekea samaki, unampelekea nyama. Mimi mwenyewe nilikuuliza hali ya nyumbani, ukaniambia mama mkwe anaugua. Leo unasema si mama mkwe. Uongo ni upi sasa, ule wa wiki tatu, au huu wa leo?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza mume wangu swali la namna hiyo. Alilifikiria. Alilifikiria kwa haki, kama anavyofikiria kila kitu, na jasho likamtoka.

"Ule wa wiki tatu," akasema.

Ua mzima ukaguna. Desderius amekiri wiki tatu za uongo! Mjane wa yule jirani mlevi alisimama kabisa aone vizuri.

"Na huyo Gervasi yuko wapi atuthibitishie?"

"Amerudi Runazi."

"Kwa hiyo shahidi wako hayupo, na wewe umekiri kuwa mwongo," Juvenali akasema. "Tuandike nini?"

"Msiandike kitu!" Nyandwi sasa alikuwa amepoteza upole. "Maneno mengi ya nini? Mlango ule pale. Ufunguliwe."

Akaanza kwenda. Wazee wakapiga kelele kwamba mgonjwa hafunguliwi mlango na mgeni. Desderius akamwahi, akamzuia kwa mkono. "Aliyekabidhiwa ni mimi," akasema. "Nitafungua mimi."

Wanawake wakapiga mayowe. Mkwe anamwingilia mkwewe! Mwingine alijifunika uso na kanga asione. Nilikuwa nyuma yake, nimemshika koti, namwambia Baba Priscila, Baba Priscila, nakuomba, na yeye anatembea tu, ananikokota. Akanyoosha mkono kushika mlango.

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani, na aliyetoka alikuwa mama yangu.

Mama yangu kabisa, Deodata wa Runazi, mwenye vumbi la maharage mpaka kwenye magoti na mwiko mkononi. Alisimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mkwe wake, wakatazamana ana kwa ana mbele ya kijiji kizima.

Desderius alianguka kama aliyekatwa miguu. Akavuta koti, akajifunika kichwa, akabaki amejikunyata chini kwenye majivu.

"Nani anasema mimi siye mimi?" mama akauliza. "Nimekuja kwa mwanangu kuugua, ninaitiwa baraza! Nimezaa watoto saba, nimezika wawili, leo natakiwa nionyeshe cheti kwamba mimi ni mama wa mtu!" Akapiga hatua, akachechemea mguu wa kushoto, akafikiri, akachechemea wa kulia. "Na wewe mwenye kofia, unataka kuniona nini? Haya, nione!"

Nyandwi aliinama akachungulia ndani. Palikuwa na sufuria, mkeka na moshi.

Nikalia. Nililia kwa sauti, bila aibu, na watu wakasema tazameni anavyompenda mama yake.

Baadaye ndipo nilipojua yaliyotokea. Gervasi alipoachana na shemeji yake pale sokoni hakufanya mambo mengi, aliwasha lori akarudi moja kwa moja kumweleza mama. Mama aliweka chini kapu. "Kama mwanangu Ildefonsa amesema niko jikoni kwake," akasema, "basi kuna mtu ananihitaji nikae jikoni. Nipeleke." Walifika watu wakiwa wameshaketi uani. Wakapita kwenye migomba, na kwa ule upenyo wa nyuma tunaotupia majivu mama akaingia, Niyonkuru akatoka. Wakati mume wangu anatoa ushahidi wake wa kweli, Niyonkuru alikuwa tayari amelala chini ya magunia matupu, lori linaondoka.

Juvenali alitoa hukumu akiwa amesimama. Desderius amemshuhudia mkwewe uongo na amemwona uso, atatoa mbuzi na mitungi miwili ya pombe badala ya mmoja. Mimi nilisifiwa kuwa mfano wa kuigwa kwa jinsi ninavyotunza wazazi. Nyandwi aliambiwa arudi kambini na asionekane tena kijijini, kwa kumsumbua mama mtu mzima. Mwenyekiti mwenye kadi ya wizi, mke mwongo na mkwe mzima wa miguu, wote tulitoka pale na heshima zetu. Watu wakaanza kuinuka.

"Na amana?" ilisikika sauti kutoka chini ya koti.

Tulikuwa tumemsahau.

"Amana ya mtu imepotelea kwangu," Desderius akasema, hajafunua kichwa. "Mpeni ng'ombe."

Safari hii Nyandwi alimchukua. Macho yote yalikuwa juu yake. Nikamwangalia mtu aliyemuuza kaka yake akimkokota ng'ombe wangu mwenye mimba kuelekea Benaco, amelipwa kihalali kabisa, mbele ya mashahidi.

Mbuzi akachinjwa, pombe ikanywewa, wazee wakamwosha mume wangu macho kwa maji ya baridi. Mama akakaa siku tano ili kukamilisha ugonjwa, kisha akarudi Runazi. Niyonkuru alikuwa kule akimalizia kumvunia maharage. Yuko huko, amepewa kipande cha shamba, anamwita mama yangu mama. Desderius hawezi kumwona. Hajawahi kukanyaga ua wa wakwe zake, na baada ya siku ile hata barabara ya Runazi haitaki.

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba watu walianza kuja nyumbani. Walikuja kumpa pole, wakaketi, wakarudi tena. Mjane wa jirani alileta mboga. Nadhani walikuwa wamechoka kumwogopa, na sasa alikuwa mmoja wao. Naye alibadilika. Jirani mmoja alikuja kumwuliza kama ni kweli alimwona mkewe kwenye kilabu cha pombe, na zamani angemwambia mpaka kikombe alichoshika. Siku ile alisema, "Mimi mtu wa nyumbani kwangu nimeshindwa kumtambua. Usiniulize mimi. Nenda ukaongee naye vizuri." Nilisimama jikoni na mwiko mkononi, sikuamini masikio yangu. Nilimpenda siku ile kuliko siku ya harusi.

Alikwenda kuungama. Padri alimpa kitubio cha kufunga Ijumaa tatu, kwa kumshuhudia jirani uongo. Ijumaa ya kwanza alilima na njaa tangu asubuhi mpaka jua linazama. Ya pili alipata kizunguzungu shambani, nikamshika. Alikuwa anafunga kwa ajili ya maneno ya kweli aliyoyasema, na mimi niliyedanganya wiki tatu nilikuwa nakula mara mbili kwa siku.

Ijumaa ya tatu jioni niliweka chakula mbele yake. Alisali, akamega tonge, hakulipeleka mdomoni.

"Mama Priscila," akasema. "Wewe hujawahi kunidanganya. Niambie jambo moja tu, nitulie. Aliyekuwa jikoni, alikuwa mama siku zote?"

Ule ukweli ulikuwa wake. Nilikuwa nimeushika mimi tu, na mwenyewe alikuwa amekaa mbele yangu anaudai kwa upole, mashavu yamemwingia ndani. Nilimjua mume wangu. Nikimkabidhi, hatanipiga, hatanitukana. Atanishukuru. Kisha atavaa kofia yake, ataanza safari ya Benaco kumwambia Nyandwi kwamba amana imepatikana, iko Runazi, na kwamba tafadhali arudishe ng'ombe.

"Siku zote, Baba Priscila," nikasema.

Alishusha pumzi. Macho yakamlowa.

"Mungu anisamehe," akasema. "Bado nilikuwa na shaka na wewe. Ijumaa ijayo nitafunga tena, kwa ajili ya hiyo shaka."

Akaanza kula. Mimi nikamwongezea mboga.